Nguo Moja Kabla ya Chai

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho, kwa sababu hilo ndilo jibu alilompa kila aliyepita kuulizia nguo yake, na alilitoa kwa upole mpaka wewe mwenye nguo ukaona haya kuuliza tena. Jina lake la kuzaliwa lilijulikana kwa mkewe na kwa karani aliyemwandikia kitambulisho, basi.

Tusimwonee. Mkono wake ulikuwa mzuri. Koti lake likikaa begani limekaa, na suruali yake haikuwahi kumbana mtu mahali pa aibu. Tatizo lilikuwa mkasi. Mafundi wana siri moja wasiyoisema mbele ya wateja, nami naitoboa hapa: kitambaa kizima kina miguu. Mteja akikiacha kizima, keshokutwa anaweza kupita akakichukua na kukipeleka kwa mwingine. Kikishakatwa, mteja amefungwa. Mgongo wako uko hapa, mikono yako iko hapa, utakwenda wapi? Kwa hiyo Fundi Kesho alikuwa akipokea kitambaa anakikata papo hapo, mwenyewe akitazama, kwa chaki na mbwembwe, na mteja anaondoka akiamini kazi imeanza. Vipande vilifungwa furushi kwa utepe wa kitambaa kilekile, vikatupwa kwenye rafu. Safari iliishia hapo, au mshono mmoja kabla ya mwisho.

Yapo mashati yaliyosubiri kwenye rafu ile mpaka wenyewe wakanenepa. Bwana harusi mmoja alioa kwa koti la kaka yake, mikono ikimwishia karibu na viwiko, na katika picha zake zote mpaka leo amekunja mikono kifuani kama mtu mwenye ugomvi. Kwaya moja iliimba ikiwa na sare nusu, wenye sauti nyembamba wamevaa na wenye sauti nene wamekuja na nguo za nyumbani. Watu walilalamika, wakacheka, wakarudi, maana fundi mwenye mkono mzuri ni vigumu kumwacha.

Kisha kifungua mimba wake, mwalimu wa darasa la kwanza, akapata mchumba, na siku ya harusi ikapangwa. Zilibaki wiki sita. Fundi Kesho alilichora gauni kwenye karatasi ya kufungia mikate, akalichora tena upande wa pili, akachagua mpaka uzi. Alasiri moja binti alipotoka shule na kuingia dukani, baba alikuwa ameshika chaki tayari.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kitambaa kiko wapi?"

Binti alikaa kwenye benchi la wateja, akaweka mkoba magotini. "Nimempa Mama Dakika."

Mama Dakika alikuwa fundi wa ng'ambo ya barabara, mjane mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Akikuambia suruali yako itakuwa tayari saa kumi, saa kumi kasorobo yuko mlangoni anakutafuta kwa macho.

"Mama Dakika," Fundi Kesho alirudia taratibu, kama mtu aliyeombwa apishe kiti nyumbani kwake mwenyewe.

"Baba, nakupenda. Na kwa ushonaji hakuna anayekufikia, hilo nitalisema popote. Lakini siku ya harusi yangu nataka niwe nimevaa."

Laiti angesema kwa ukali, wangegombana na yakaisha. Alisema akitabasamu. Ndivyo alivyotabasamu mwaka ule aliomaliza shule, gauni lake lilipofika wakati watu wanabeba viti kuvirudisha stoo, naye alikuwa amekwisha kupanda jukwaani na sketi ya shangazi yake, imeshikizwa kwa pini kiunoni. Baba mtu siku ile alijiambia kwamba mtoto hakujali. Leo, akitazama tabasamu lilelile, alijua kwamba mtoto alijali sana, na moyo ukamuuma.

Binti alipoondoka, fundi aliyahesabu mafurushi. Yalikuwa sitini na moja.

Sasa mtu wa aina hii akiumia hufanya nini? Huapa. Aliapa mbele ya mkewe, mezani, kwamba wiki haitaisha kabla hajamaliza mafurushi yote sitini na moja, na kwamba hatapokea hata leso mpya, na binti atakuja mwenyewe kumpigia magoti ashone gauni lake. Alinunua kalenda kubwa, akaipigilia ukutani. Siku ya kwanza alishona mpaka mguu ukafa ganzi kwenye cherehani, akamaliza nguo tano. Siku ya pili akamaliza mbili na maumivu ya kiuno. Siku ya tatu aliingia dereva wa gari la wagonjwa na kitambaa cha suruali, kizuri, cha kijivu, kizito.

"Sipokei kazi mpya," fundi alisema.

"Ah, sawa. Basi nitajaribu pale ng'ambo."

Neno ng'ambo lilimchoma. Mdomo ulikuwa bado unaeleza kwamba hapokei kazi, mkono ulikwisha kuchukua futi. Dakika kumi baadaye suruali ya dereva ilikuwa vipande vinne mezani, na kufikia saa sita vitambaa vingine vitatu vilikuwa vimepata msiba uleule. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kalenda alikuja kuikata ikawa patani, kielelezo cha kukatia kola.

Mkewe alikuwa mwoka mikate katika tanuri la mtaa wa pili, mwanamke wa maneno machache na yote yana chumvi. Alimsikiliza mumewe akijilaumu tangu anavua viatu mpaka ananawa mikono.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Basi usiape tena, baba watoto. Viapo vyako vimejaa humu ndani mpaka hakuna pa kuweka miguu. Kila siku, kabla ya chai, toa nguo moja."

"Moja?"

"Moja. Imekwisha, imepigwa pasi, imetundikwa mlangoni. Ndipo unywe chai."

"Mimi nina mafurushi karibu sitini, wewe unaniambia moja. Moja ni matusi."

"Basi anza na matusi."

"Na kama unataka kuniambia haba na haba hujaza kibaba, hiyo naijua tangu chekechea."

"Sijakuambia ujaze kibaba. Nimekuambia nguo moja." Alijifuta mikono, akafikiri kidogo. "Na mkasi ule mkubwa wa kukatia usilale dukani. Mpelekee Mama Dakika. Asubuhi ukimpelekea nguo iliyokwisha, anakupa mkasi wako. Bila nguo, hakuna mkasi."

Fundi alimtazama mkewe kama anayetafuta mahali alipokosea katika ndoa yao. "Kwa nini usikae nao wewe?"

"Mimi ukinilegezea macho nitakupa. Yule hatakupa."

Usiulize alilalaje. Lakini jioni iliyofuata alivuka barabara na mkasi umefungwa kwenye gazeti, akajieleza kwa Mama Dakika huku akitazama dari. Mama Dakika hakucheka. Alibadilisha miwani, akaufungua mkasi, akaujaribu makali kwenye kipande cha kitambaa, akaufungia kwenye droo.

"Nafungua saa mbili," alisema.

Asubuhi Fundi Kesho alipangua rafu nzima akitafuta furushi rahisi kuliko yote. Alipata shati la mtoto lililobakiza kifungo kimoja. Kifungo kimoja tu, na lilikuwa limekaa pale tangu mwaka juzi. Alikishona, akapiga pasi, akavuka barabara. Mama Dakika aliligeuza shati nje ndani, akavuta kile kifungo, akakagua kwa karibu.

"Uzi huu umekatwa kwa meno."

"Mkasi si ulikuwa kwako?"

Hapo ndipo Mama Dakika alipocheka, cheko la kifua kizima, akatoa ufunguo wa droo. Fundi alirudi, akatundika shati mlangoni, akaagiza chai. Nawaambieni, alishakunywa chai mahali pale miaka ishirini, lakini hiyo ya siku hiyo aliinywa amesimama, anatazama shati dogo likipepea, na alijisikia vizuri kuliko siku aliyomaliza nguo tano. Nguo tano zilimwambia zimebaki hamsini na sita. Shati moja halikumwambia kitu, limekwisha tu.

Mwenye shati alipita adhuhuri. Mtoto alikuwa amelizidi kwa shibri nzima. Mama yake alilichukua hata hivyo, akasema atampa mdogo wake, na akamshukuru fundi kwa mshangao mkubwa kiasi kwamba fundi aliona haya.

Siku ya pili ilikuwa sketi iliyodai zipu. Ya tatu, kola. Alikuwa mjanja, alianza na vile vilivyobakiza mshono mmoja au miwili, na aligundua jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia: kwamba nusu ya mafurushi yake hayakuwa kazi kubwa hata kidogo, yalikuwa kazi ndogo aliyoiogopa kwa sababu ililala katikati ya nyingine. Mshona viatu wa kona akaanza kuangalia mlango wa fundi kila asubuhi. Muuza chai naye akawa haji mpaka aone kitu kimetundikwa, na siku moja fundi alipochelewa alisimama pale na birika, amebinua mdomo, anauliza kama achemshe upya au aende zake.

Siku ya tisa, fundi aliamka na mafua na kisirani. Hakuvuka. Siku ya kumi mafua yalipungua lakini kisirani kilibaki, na tabia ya zamani ikaanza kumnong'oneza: ndiyo hivyo, umeshaharibu, na kilichoharibika kiharibike chote. Asubuhi ya siku ya kumi na moja aliingia jikoni akiwa na uso wa matanga.

"Nimekosa siku mbili," alimwambia mkewe.

"Zilikuwa nguo mbili. Ulikuwa unamaliza dunia?"

"Lakini nilisema kila siku."

"Kuteleza si kuanguka. Leo ni siku gani?"

"Jumatano."

"Jumatano ina nguo yake. Vaa viatu."

Alivaa. Alimaliza aproni ya mpishi wa hoteli, nguo isiyo na mikono wala kola wala heshima, akavuka nayo. Mama Dakika aliipokea bila kuuliza siku mbili alikuwa wapi. Alikagua mifuko, akatoa mkasi. Fundi alisema baadaye kwamba aproni ile ndiyo ilimwokoa, si lile shati la kwanza.

Jambo gumu lilikuja wiki ya tatu. Alikwisha kujiwekea amri nyingine ndogo, ya kwake mwenyewe: kitambaa kipya hakikatwi mpaka zamu yake ifike. Anakikunja kizima, anabandika karatasi yenye jina na siku, anakiweka juu. Wateja wengi walikubali kwa kutoamini tu. Lakini muuza nyama, mtu mkubwa mwenye sauti kubwa, alitaka akatiwe palepale.

"Nikate sasa ili iweje? Nitakukatia Ijumaa, Jumamosi unavaa."

"Fundi, nakujua. Ukikata nitakuwa na amani."

"Ukiwa na amani, nguo utakuwa huna."

Muuza nyama alichukua kitambaa chake, akakitia kwapani, akaondoka. Kitu ambacho fundi alikiogopa miaka ishirini kilitokea mbele ya macho yake, mchana kweupe: kitambaa kilitoka dukani kwa miguu ya mwenyewe. Alishika meza. Alisubiri kuona duka litafanya nini. Duka halikufanya kitu. Cherehani ilikuwa palepale, na suruali ya kijivu ya dereva wa gari la wagonjwa ilikuwa chini ya sindano ikingoja mguu wa pili. Akaikanyaga cherehani. Muuza nyama hakurudi, na suruali ya dereva ilitundikwa siku aliyoahidiwa, dereva akaishika mikononi akauliza mara mbili kama kweli ni yake.

Hapo ndipo alipoelewa, na alimwambia mkewe jioni ile bila kuzunguka. "Nilikuwa nakata kwa woga. Niliogopa wataniacha. Kwa hiyo niliwashika wote, nikawa simtendei haki hata mmoja."

Mkewe alimmegea mkate, akampa kipande cha pembeni chenye ganda alichokipenda. "Kula," alisema, na macho yake yalikuwa yanang'aa.

Nguo moja ikawa mbili bila kuapiwa. Ilikuwa moja kabla ya chai, na nyingine kwa kuwa mkono umekwisha kupata moto. Rafu ikaanza kuonyesha mbao zake, na fundi akagundua kwamba alizipaka rangi ya kijani zamani. Mshona viatu alijaribu kumwita Fundi Leo, halikushika, watu wamezoea.

Na muda wote huo binti alikuwa akipita. Alitoka shule, akaingia ng'ambo kwa Mama Dakika kupimwa, akatoka. Alimpungia baba yake mkono kutoka barabarani, akatazama nguo zilizotundikwa mlangoni, akaenda zake. Fundi hakumwita. Kila asubuhi alipovuka kuchukua mkasi alijua gauni liko mahali fulani nyuma ya pazia la Mama Dakika, na hakuuliza hata rangi ya utepe. Ilimgharimu. Kuna asubuhi mikono ilimuwasha kabisa. Lakini aliona kwamba hana haki ya kuomba, na kwamba kuomba kungekuwa kuapa kwa mlango wa nyuma.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Alhamisi, saa tisa, binti aliingia dukani na gauni limefunikwa kwa shuka, amelibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga aliyelala.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Mama Dakika amemaliza kila kitu isipokuwa pindo. Anasema pindo ni la baba. Mimi nimemwambia sijui. Ni la mkono, mzunguko mzima. Na imebaki Ijumaa tu."

Alikuwa na hofu, na hakuificha. Fundi aliiona, ikamuuma kidogo, ila haikumkasirisha, kwa sababu yeye ndiye aliyeishona hofu ile, mshono kwa mshono.

"Kaa," alisema.

"Nikae?"

"Kaa hapo kwenye benchi. Hutaondoka bila hilo gauni."

Alifuta meza mara mbili. Alinawa mikono, akaikausha, akafunua shuka. Kazi ya Mama Dakika ilikuwa safi, isiyo na mbwembwe, naye aliisifu kwa sauti ili binti asikie. Kisha akatunga uzi, akaanza. Pindo la gauni refu linaloshonwa kwa mkono halionyeshi maajabu. Unachota nyuzi mbili za kitambaa, unavuta, unasogea nusu kidole, unachota tena. Binti, ambaye alikulia katika duka lile, akalala chini ya meza ile akiwa mtoto, hakuwahi hata siku moja kumwona baba yake akianza kitu na kukifikisha mwisho bila kuinuka. Alivua viatu, akakunja miguu juu ya benchi, akatazama.

Alipofika nusu ya mzunguko, fundi alisema, macho yakiwa kwenye sindano, "Lile gauni la kumaliza shule."

"Ah, baba, yale ya zamani."

"Nilikukosea. Ulipanda jukwaani na sketi ya shangazi yako, na mimi nilikuwa nimelikata gauni lako miezi minne kabla. Miezi minne. Nisamehe mwanangu."

Binti hakutabasamu safari hii. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja, akasema, "Nimeshakusamehe. Lakini nilikuwa nangoja uniambie." Kisha sindano ikaendelea kwenda na kurudi, mpaka muuza chai alipochungulia na kuambiwa kwa mkono asubiri.

Saa kumi na moja kasorobo, uzi ulifungwa fundo. Binti aliingia nyuma ya pazia la kupimia nguo pale dukani, akatoka amevaa. Pindo liligusa juu ya vidole vya miguu, sawa pande zote, halikuzidi wala kupungua. Alizunguka mara moja, akazunguka tena bila sababu. Mama Dakika, aliyekuwa amesimama mlangoni mwake na miwani zote mbili puani, alipiga makofi kutoka ng'ambo, na mshona viatu akaitikia kwa nyundo.

Binti alipokwisha kubadilisha nguo, alifungua mkoba wake wa shule, akatoa kitambaa kingine, cha maua madogo ya bluu, kimekunjwa vizuri.

"Hiki si cha harusi. Ni gauni la kwendea kazini, baada ya fungate. Nimekinunua mwezi uliopita, nikawa natembea nacho tu." Alikiweka mezani, akakilainisha kwa kiganja. "Nataka unishonee wewe."

Mkasi ulikuwa palepale karibu na mkono wake wa kulia. Hakuna mtu duniani ambaye fundi alitaka kumkatia kitambaa kuliko huyu, na hakuna kitambaa alichoogopa kukiona kinatoka mlangoni kuliko hiki. Alikishika. Alikipima kwa vidole, akasifu maua. Kisha akachukua kipande cha karatasi, akaandika jina la binti yake na siku, akakibandika juu yake.

"Sikati leo," alisema. "Mbele yako kuna watu wawili. Jumatano ijayo nakata, Alhamisi limetundikwa mlangoni, linakungoja utoke fungate."

Binti alimtazama, akaitazama karatasi, akamtazama tena. Kicheko kilimjia taratibu tumboni, kikampanda mpaka ikabidi ashike ukingo wa meza. Alimkumbatia baba yake na futi ikiwa bado imemning'inia shingoni, akambana kwa nguvu. Kisha akalichukua gauni la harusi, akavuka kizingiti, akaanza kupiga simu kabla hata hajafika barabarani, na mtaa mzima ukasikia akimwambia mama yake, kwa sauti ya mtu aliyepewa zawadi, kwamba baba amemkatalia.